Herufi za Mikia

Kitabu changu kiliingia kwenye simu za wajawazito Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri hasira ilikuwa imenijaa hata nikashindwa kumpima presha mama aliyekaa mbele yangu. Nilimwomba radhi, nikatoka, nikasimama nyuma ya zahanati karibu na pipa la taka, nikasema, "Mungu wangu, ushike ulimi huu, maana leo nitamjeruhi mtu nao."

Mimi ni mkunga. Nilijiandikisha shule ya jioni nikiwa na mvi, darasa la uandishi, kwa sababu nilichoka kumwambia kila mjamzito maneno yaleyale na kuyaona yakimwagika mlangoni kabla hajafika barabarani. Nikataka kitabu kidogo ambacho mama atakisoma kwenye simu akiwa amelala kitandani kwake. Nikakiita Kabla Hajafika. Kina sura fupifupi: chakula, usingizi, uchungu, na ile sura niliyoiandika nimepiga magoti, sura ya dalili za hatari.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa darasa la jirani akijifunza kusanifu vitabu vya kidijitali. Tulikuwa tukirudi nyumbani pamoja. Akaniambia, "Wifi, maneno ni yako, lakini kukivalisha niachie mimi." Nikafurahi. Nilikiona kwenye kompyuta yake kikiwa na herufi za kawaida, nyeusi, safi, ambazo hata macho yangu haya hayakusumbuka nazo. Nikamwambia hapohapo, kimeiva, watumie akina mama.

Hakuwatumia. Alikaa nacho kidogo, akikiongezea zawadi.

Zawadi yenyewe ilikuwa hii. Kila sura sasa ilianza na herufi kubwa ya pambo, nyeupe juu ya kipande cheusi, na jina la sura limeandikwa kwa herufi za aina hiyohiyo. Kila herufi ina mkia unaoshuka, unajikunja taratibu, na mwisho wa mkia kuna jani dogo linaloanguka. Ni nzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: ni herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye kitabu. Lakini kwetu zina mahali pamoja tu. Nyuma ya karakana ya maseremala, kule wanakotengeneza vitanda na milango upande wa mbele na majeneza upande wa nyuma, kuna mzee anayeandika vibao vya makaburi. Watu wanamwita Mzee Mikia. Herufi zile ni za mkono wake, na haziandikii kitu kingine. Mwenye duka mmoja alimwomba amwandikie bango la duka kwa herufi hizo, akafukuzwa na brashi ikiwa bado inadondosha rangi.

Mama yangu amelala chini ya herufi hizo. Sura yangu ya kwanza inaanza na neno "Mimba". Nilipoifungua simu nikakutana na M ya mama yangu, mkia wake na jani lake, ikinitazama.

Kwenye benchi la zahanati wanawake walikuwa wanaonyeshana simu. Wale wasiowahi kuzika mtu walisifia. Mmoja aliyezika akaniuliza kwa sauti, "Mama mkunga, hiki ni cha kuzalia au cha kuzikia?" Wa pembeni yake akampiga paja, wakacheka mpaka matumbo yao yakacheza. Lakini wa tatu hakucheka. Aliifunga simu, akaitumbukiza kwenye mkoba kama kitu kilichomng'ata.

Nami nikamkumbuka Kimya.

Tunamwita Kimya kwa sababu ukimuuliza swali anakujibu kwa kichwa. Ameshazika watoto wawili, wote wachanga. Safari hii mimba ilikuwa imefika mbali kuliko zile mbili, lakini presha ilikuwa imeanza kupanda na miguu kuvimba, nikamwambia asikose kuja Jumatatu. Jumatatu hakuja. Nilipiga simu, haikupatikana. Jumanne asubuhi pia hakuja. Nikajua ameona.

Jioni ile nikaenda kwa kaka. Walikuwa mezani, kompyuta imesukumwa pembeni ya sahani. Sikukaa.

"Ulizitoa wapi zile herufi?"

Wifi akatabasamu, masikini. "Umezipenda? Nilijua tu."

"Nakuuliza ulizitoa wapi."

"Karakana ya maseremala. Mwalimu alitwambia tuache kupakua fonti kwenye mtandao, zilezile kila mtu anazo. Akasema tokeni nje, tazameni kuta za mtaani kwenu. Nikapita pale, nikaona ubao umetundikwa, A mpaka Z. Nikamuomba yule seremala nipige picha, akasema piga tu. Tena mstaarabu, akaniambia pole sana. Nikamwambia nimeshapoa."

Kaka alicheka, kisha akaona uso wangu, akakikata kicheko.

"Wewe," nikasema, "alikupa pole kwa sababu alidhani una msiba! Zile ni herufi za makaburi! Umewavisha wajawazito wangu sanda!"

Wifi aliweka kijiko chini. "Herufi ni herufi, wifi. Nimefuata kila kitu tulichofundishwa. Pambo nimeliweka kwenye vichwa tu, maelezo yote ni herufi za kawaida. Nimejaribu kwenye simu ndogo na kubwa. Nimejaribu mwanga ukiwa hafifu. Inasomeka kote."

"Inasomeka! Ndiyo shida yenyewe, inasomeka!"

"Dada, punguza sauti," kaka alisema.

"Wewe ulikuwa wapi? Hukuziona? Mama yako yuko chini ya herufi hizo!"

"Hakunionyesha," kaka akasema polepole. "Alisema ni zawadi yako, wewe uione kwanza."

"Ziondoe," nikamwambia wifi. "Sasa hivi."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ndiyo kazi yangu ya kumaliza kozi. Mwalimu ameshaichukua kwa maonyesho, na zile herufi ndizo alizozisifia. Anasahihisha Ijumaa. Nikibadilisha kabla ya hapo, nimemaliza kwa kufeli. Ngoja Ijumaa ipite."

"Kuna mwanamke mimba yake haitangoja Ijumaa yako."

Hapo akasimama. Wifi yangu ni mfupi, lakini akisimama kwa hasira meza yote inamjua. "Miaka yote niliyoolewa hapa, mlinipeleka lini kuona kaburi la mama mkwe? Kila mwaka mnakwenda ninyi wawili. Mimi naambiwa nibaki na nyumba. Kumbe nilitakiwa nijue kwa kuota?"

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ukanizidishia hasira. Nikaubamiza mlango. Njiani nilijaribu kusali, lakini kila nilipoanza sala iligeuka mashtaka, nikamwacha Mungu apumzike.

Jumatano asubuhi nilichukua mashine ya presha, nikapita kwa wifi, nikamwambia, "Chukua kompyuta yako, twende ukamweleze mwenyewe." Alikuja. Tulitembea kama watu wawili waliokutana foleni.

Mume wa Kimya, fundi baiskeli, alikuwa uani amekaa kati ya magurudumu. Alisimama akafuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

"Yupo, lakini hataki kukuona."

"Anaumwa kichwa?"

"Tangu juzi. Anasema anaona vimulimuli."

Kichwa, vimulimuli, miguu: yote niliyaandika kwenye sura ya dalili za hatari, na juu ya sura hiyo ilikaa D yenye mkia. Bila shaka Kimya hakuifungua sura hiyo. Nilimpita mume wake, nikaingia bila kusubiri karibu.

Kimya alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, uso umevimba. Aliponiona aligeukia dirishani.

"Mwanangu," nikaanza, "najua umeogopa. Ile si ishara ya kitu chochote. Mungu haandiki kwa..."

"Nani kaogopa?"

Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa na ukubwa ule.

"Nani kakwambia nimeogopa? Unadhani mimi naogopa herufi? Mimi nimeshamwosha mwanangu kwa mikono hii, herufi itaniogopesha nini?"

Yote niliyoyaandaa njiani, maneno ya kumtuliza mtu aliyeona mkosi, yakawa hayana kazi.

"Ni nani aliyezichukua?" akauliza.

"Ni mimi," wifi akajibu kutoka mlangoni.

"Njoo nikuone."

Wifi akasogea. Kimya akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

"Mume wangu alitaka vibao vya kawaida," Kimya akasema. "Alisema watoto wadogo hawa, nani atasoma. Nikakataa. Nikaenda mwenyewe kwa yule mzee, nikakaa naye, nikamwambia mkia wa hii urefushe kidogo, jani la ile liwe dogo. Wanangu hawakuvaa nguo ya sikukuu hata moja. Hawakuandikwa shule yoyote. Majina yao yameandikwa mahali pamoja tu chini ya jua, nami nilitaka yaandikwe vizuri. Hicho tu ndicho nilichowafanyia. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Pale makaburini herufi hizo tunagawana, sisi wenye misiba. Mwenzangu ana mikia, mimi nina mikia, tumeshazoeana. Halafu Jumatatu nafungua simu, naona herufi ya kwanza ya jina la mwanangu, ileile, imewekwa juu ya 'Kula mboga za majani'!"

Fundi baiskeli, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alitoka nje. Tulimsikia akipiga chuma na nyundo, bila mpango.

"Sikujua," wifi akasema.

"Najua hukujua. Kutojua kwako kunanisaidia nini? Ningekwenda zahanati, ningekaa benchi moja na wale wanawake wakizipapasa kwa vidole na kucheka. Ningewapiga. Ndiyo maana nimebaki hapa."

Nilikuwa nimeshapiga magoti kando ya kitanda, namfunga mkono kitambaa cha mashine huku anagomba. Hakunizuia wala hakunisaidia. Namba zilipotokea nilizitazama mara ya pili nikiomba nimeona vibaya. Sikuwa nimeona vibaya.

"Tunakwenda hospitali," nikasema. "Sasa hivi. Utagomba tukiwa njiani."

"Siendi."

"Presha hii itakuua wewe na mtoto!"

"Nitakwenda zikiondoka. Mpaka nione."

Nikamgeukia wifi, na ile breki yote niliyomwomba Mungu ikakatika. "Umeridhika? Ijumaa yako hiyo! Mwalimu wako aje amsahihishe huyu hapa kitandani! Ziondoe, mwanamke, kabla sijaku..."

"Mama mkunga!" Kimya akanikatiza. "Usimpigie kelele nyumbani kwangu. Leo kelele ni zangu. Na wewe jina lako ndilo liko juu ya kitabu, kwa mikia hiyohiyo. Hata ukisema ni yeye, mimi nililoliona ni jina lako."

Nilikuwa nimekuja pale nikijihesabu upande wake. Kumbe mbele ya yule mwanamke mimi na wifi yangu tulikuwa kitu kimoja.

Wifi alikuwa ameshakaa sakafuni. Aliifungua kompyuta juu ya magoti. Hakusema lolote kuhusu Ijumaa. Alianza na sura ya kwanza, akaiondoa ile M, akaweka ya kawaida, akageuza kompyuta Kimya aone. Kimya akaitikia kwa kichwa: endelea. Sura ya pili. Sura ya tatu. Kila pambo lilipotoka, mistari ilijisogeza yenyewe kuziba nafasi, kana kwamba hakukuwahi kuwa na kitu. Ile kazi aliipenda. Alikaa jioni nyingi akikata kila herufi kutoka kwenye picha, akisafisha kingo zake, akinyoosha mkia mmoja mmoja, na sasa alikuwa anaing'oa mbele ya watu wawili wasiompenda.

"Na jina langu," nikasema.

"Nimefika huko," akajibu bila kuinua macho.

Mimi nilitoka nikamwambia fundi baiskeli atafute gari. Akakimbilia kwa jirani anayesambaza maji. Niliporudi ndani, wifi alikuwa anaeleza.

"Kitabu kipya hiki hapa. Nakituma. Lakini vile vya Jumatatu vimeshaingia kwenye simu zao, siwezi kuvirudisha kutoka hapa. Mpaka kila mtu afute mwenyewe."

"Waambie wafute."

"Nitawaandikia."

"Usiandike. Umeandika vya kutosha. Sema, wakusikie."

Wifi akachukua simu, akaibonyeza, akaisogeza mdomoni. "Ndugu zangu wa zahanati, ni mimi niliyesanifu kitabu cha mama mkunga. Zile herufi za pambo nilizichukua karakana bila kuuliza ni za nini. Ni za marehemu wenu. Mwenye karakana hana kosa, mama mkunga pia hana kosa. Naomba mfute kitabu cha kwanza, mfungue hiki cha leo. Msimtumie mtu mwingine kile cha kwanza." Akasita, akamtazama Kimya. "Na msizicheke."

Kimya alifunga macho. "Haya," akasema. "Nishike mkono."

Aliunyoosha kwangu. Wifi akabeba mfuko wa nguo.

Gari la maji lilikuwa na matangi nyuma, tukabanana mbele, Kimya katikati. Kila tulipopita kwenye shimo maji yalipiga matangi, naye aliuminya mkono wangu hata mifupa ikaniuma. Mume wake alining'inia nyuma pamoja na wifi na mfuko. Nilisali kwa sauti ya chini, na Kimya akaniambia, "Sali kwa nguvu kama unasali." Nikasali kwa nguvu. Dereva naye akaitikia amina, na akakanyaga mafuta.

Hospitali walimtazama mara moja tu wakamwingiza chumba cha upasuaji. Niliachiwa benchi. Wifi alikaa ncha ile ya pili, mkoba wa kompyuta mapajani. Simu yake ikaita, akaitazama, akaipokea.

"Ndiyo, mwalimu... Ndiyo, nimeziondoa... Hapana, sitazirudisha hata kwa maonyesho... Nimeelewa. Basi nirudie kozi." Akakata.

Nilitaka kusema kitu. Nilitafuta ndani yangu neno laini nikakuta bado kuna moto, na moto wenyewe sikujua tena unamwelekea nani: yeye, yule mwalimu wake wa kuta za mtaani, kaka yangu ambaye hakumweleza mkewe, au mimi niliyemwacha mwanamke huyu abaki na nyumba kila tulipokwenda kwa mama. Nilimwambia Mungu hivyohivyo, bila kupamba. Nikamwambia nina hasira, na mtoto huyu ni wako, na kama utanipa kimoja tu leo basi nipe huyo mtoto, hasira nitabaki nayo.

Jioni muuguzi alitoka akavua barakoa. Msichana, akasema. Mdogo, lakini analia kwa fujo. Mama presha inashuka.

Fundi baiskeli alikaa chini sakafuni palepale, miguu mbele, kama mtu aliyeshushwa kutoka juu. Wifi aliinama akauficha uso kwenye mkoba wake, mabega yakitikisika. Nilimwendea, nikaweka mkono mgongoni kwake. Hakuutoa.

Asubuhi iliyofuata waliniruhusu kuingia wodini. Kimya alikuwa amelala upande, mtoto amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nilimpima. Nilimtazama mtoto anavyopumua. Nikamwambia amefanya vizuri.

"Yule wifi yako asije," akasema.

"Haji. Amekuombea tu akiwa huko nyumbani."

"Aombe. Kuomba sijamkataza." Alimvuta mtoto juu kidogo, mdomo wake mdogo ukatafuta. "Bado namkasirikia. Nawe pia."

"Najua."

"Lakini wewe unaweza kuja. Kesho njoo." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongeza neno bila kuulizwa wala kugomba. "Ila simu uiache nje."

Niliipeleka kwa muuguzi mlangoni, nikarudi nikavuta kiti.